Leteni na tyubu ya mama

Simu ya maabara ililia saa tano usiku. Aliyepiga ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, akiongea kwa kasi ya mtu aliyetoka kukimbia. "Dada, tuandalie damu ya mtoto, huenda tukambadilisha damu usiku huu huu. Kazaliwa saa sita mchana, sasa hivi manjano imeshafika kwenye nyayo." Nikauliza grupu la mama. O chanya. La mtoto je? O chanya.

Mtoto anayeanza manjano siku ya tatu huwa hatushtuki sana, ini lake bado changa. Anayeanza kabla hajamaliza saa 24 ni habari nyingine kabisa. Kuna kitu kinavunja chembe nyekundu za damu yake haraka kuliko ini linavyoweza kusafisha. Kwa kawaida tunaangalia mambo mawili: mama ni hasi na mtoto chanya, au mama ni O na mtoto ni A au B. Lipo pia tatizo la G6PD, upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, ambalo pwani hii tunalo sana, ila hilo huwapata zaidi watoto wa kiume, na huyu alikuwa wa kike. Kwa makaratasi yaliyokuwa mbele yangu, mama na mwana walikuwa damu moja.

Nafanya kazi ya maabara hapa Lindi, mwaka wa 15 sasa. Mama wa mtoto huyu ameniruhusu niandike, na mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha. Ninaandika kwa sababu ya jambo moja tu, ambalo nimekuwa nikilisema kwenye korido na kwenye simu mpaka wenzangu wamelizoea, nalo ni hilo la kichwa cha habari: mkileta tyubu ya damu ya mtoto wa manjano, leteni na ya mama.

Kijana niliyekuwa naye zamu alikuwa ameshafanya kazi yake kama alivyofundishwa. Alitoa kwenye friji chupa ya O hasi, ile tunayoiweka kwa dharura na kuiita damu ya kila mtu, akailinganisha na tyubu ya mtoto. Kazini tunaita krosmechi. Ilitoka safi. Alikuwa ameshika kalamu ajaze fomu ya kuitoa.

Nikamwomba asubiri. Miaka mingi nyuma, katika kituo kingine, niliwahi kuletewa tyubu ya mtoto wa manjano peke yake, nikalinganisha, nikaona safi, nikatoa damu. Mtoto alizidi manjano baada ya damu ile, na siku iliyofuata kitanda chake kilikuwa kitupu. Sikuelewa nini kimetokea mpaka niliporudi masomoni. Katika ugonjwa huu silaha haitengenezwi na mtoto. Inatengenezwa na mama, na ikishaingia kwa mtoto inang'ang'ania kwenye chembe zake nyekundu, hivyo kwenye maji ya damu yake inaweza kubaki kidogo mno. Ukipima kwa tyubu ya mtoto unaweza usiione. Kwenye damu ya mama imejaa tele.

Nikapanda wodini mwenyewe kuchukua tyubu ya mama.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na kanga mbili, mama mkwe wake pembeni. Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, kisha akasogea ili nipate nafasi ya mkono. Wakati nafunga mpira, yule mama akasema bila kunitazama, "Dada, mie nimeshazika mmoja kwa rangi hii hii."

Nikamwomba anisimulie. Mtoto wa kwanza mzima, yuko darasa la nne. Wa pili mzima, ila baada ya kumzaa alitokwa damu nyingi sana, akaongezewa chupa mbili. Wa tatu alizaliwa akilia vizuri, jioni macho yakawa manjano, wakaambiwa wamwanike juani asubuhi. Siku ya tatu aliacha kunyonya, akawa anakunja mgongo kwa nyuma kama upinde, akafa. Watu walisema homa ya manjano, kumbe homa ya manjano ni ugonjwa mwingine wa mbu na hauhusiani na hili hata kidogo. Wengine walisema yale ambayo watu husema. Bibi aliinamisha kichwa hapo, na mimi sikuuliza zaidi.

Kadi yake ya kliniki ilikuwa safi, mahudhurio yote yapo. Kwenye mstari wa kundi la damu iliandikwa O+, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuutazama tena mstari huo. Neno chanya lilikuwa limefunga mjadala.

Nadhani hapa ndipo tunapojidanganya sote, wahudumu na wazazi. Chanya na hasi ni habari ya alama moja tu, inayoitwa D. Juu ya chembe nyekundu ziko alama nyingi mno, na wanasayansi wamezigawa katika mifumo zaidi ya 40. Mtu asiye na alama fulani akiingiwa na damu yenye alama hiyo, ama kwa kuongezewa au kwa damu ya mimba kupenya wakati wa kujifungua, mwili wake unaweza kuiona ni mgeni na kuitengenezea kingamwili, ndiyo ile silaha niliyoitaja. Yeye mwenyewe hatasikia lolote. Mimba inayofuata, kingamwili zile huvuka kondo la nyuma, kwa sababu ndivyo kondo lilivyoumbwa, kumpa mtoto kinga ya mama. Zikikuta kwa mtoto alama ile, aliyoirithi kwa baba, zinaishika chembe, na bandama ya mtoto inaivunja. Akiwa tumboni, uchafu wa manjano unaotokana na kuvunjika huko, bilirubini, unapita kwenye kondo na ini la mama linausafisha. Siku anayozaliwa, kiungamwana kikikatwa, anabaki na ini lake mwenyewe. Ndiyo maana mtoto huyu alitoka mchana akiwa rangi yake, na usiku akawa hivi.

Nikarudi maabara. Kwanza tulizipima chembe za mtoto kwa kipimo cha Coombs: unaziosha mara tatu kwa maji ya chumvi, unadondosha dawa, unazungusha, unainamisha tyubu mbele ya taa. Zilishikana papo hapo, bonge moja. Maana yake zilikuwa zimevikwa kingamwili. Kisha nikachukua maji ya damu ya mama nikayaweka pamoja na O hasi ile ile iliyotoka safi, nikaiacha kwenye joto la 37, joto la mwili, kwa nusu saa. Maabara nyingi ndogo krosmechi huishia kwenye mzunguko wa haraka kwa joto la chumba, na kingamwili za aina hii hazionekani hapo. Nikaosha, nikaweka dawa ya Coombs, nikazungusha.

Ilishikana. Nikafanya na chupa za O chanya tulizokuwa nazo, zote sita. Zote zikashikana. Kijana akanitazama, akaichukua ile fomu aliyokuwa ameanza kuijaza, akaikunja.

Kipimo hiki nina mapenzi nacho, na nitakisimulia kidogo. Robin Coombs, aliyekitangaza mwaka 1945 pamoja na wenzake Mourant na Race, alisomea udaktari wa mifugo. Dawa yenyewe waliipata kwa sungura: ukimchoma sungura protini za damu ya binadamu, anatengeneza kingamwili dhidi yake, na hizo zinafanya kazi ya gundi inayounganisha chembe zilizokwisha kuvikwa. Miaka sita kabla yake, 1939, madaktari wawili wa New York, Levine na Stetson, walimwandika mama aliyejifungua mtoto mfu kisha akaongezewa damu ya mumewe na kudhurika nayo vibaya, ingawa makundi yalilingana. Walitambua kwamba kitu kile kile kilichotoka kwa baba kwenda kwa mtoto ndicho mwili wa mama ulichokikataa. Nikilisoma tukio lile huwa namwona mama wa Lindi. Makundi yanalingana, damu inakataa.

Na alama nyingine zimebeba majina ya wagonjwa wenyewe. Kidd ilitokana na mama aliyekuwa na mtoto mwenye ugonjwa huu, 1951. Kell ni ya mama mwingine, miaka michache kabla, na kingamwili za Kell zina ubaya wa peke yake: zinazuia hata kutengenezwa kwa chembe mpya, kwa hiyo mtoto huyo huenda asiwe manjano sana bali akazaliwa mweupe, hana damu. Watoto wa wanawake hao waliugua, na sisi tunataja majina yao kila siku kazini kama majina ya vifaa.

Usiku ule hatukujua alama yetu ni ipi. Tulijua tu kwamba mama ana kingamwili, na kwamba damu yoyote atakayopewa mtoto lazima ikubaliwe na damu ya mama kwanza. Daktari alinisikiliza kwenye simu, akasema, "Basi taa kwanza, na wewe tafuta."

Mtoto alikuwa na kilo 2.8. Damu yote mwilini mwake haijai chupa ya soda. Bilirubini ilikuwa 171 akiwa na umri wa saa kumi na moja, na wingi wa damu 11.8, chini ya mtoto wa siku moja anavyotakiwa kuwa. Wakamvua nguo, wakamfunga macho, wakamwacha na nepi tu chini ya taa mbili za bluu, moja juu na moja pembeni, wakampeleka kwa mama anyonye kila baada ya saa mbili, maana bilirubini inatoka kwa choo na mkojo na mtoto asiyenyonya haitoi. Saa sita baadaye ikawa 215. Trei ya kubadilisha damu ikaandaliwa. Kazi hiyo ni ya uvumilivu mkubwa: unaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kitovu, unatoa damu kidogo kidogo na kurudisha kiasi hicho hicho, mpaka umepitisha mara mbili ya damu yake yote. Kwa mtoto huyu ni karibu mililita 480, na hatukuwa na hata moja inayokubali.

Alfajiri gari la hospitali lilikuwa linakwenda Mtwara. Nilifunga tyubu mbili za mama kwenye kikasha cha barafu, nikamkabidhi dereva mkononi, nikawapigia wenzetu wa Damu Salama Kanda ya Kusini kabla hajafika hata njia panda ya Mnazi Mmoja. Niliwaambia jambo moja tu: chukueni maji ya damu ya huyu mama mjaribu na kila chupa ya O mliyo nayo, mpaka mpate inayonyamaza. Ni kazi ya mikono, nusu saa kila safari, na walikuwa na kazi zao nyingine.

Huku wodini bibi aliniuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri. "Mwanangu, kama ni mwanga tu, kwa nini tusimtoe juani? Jua letu hili la Lindi halitoshi?" Sikumkatalia, na nisingependa mhudumu yeyote amkatalie bibi kwa kumdharau. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na tabia ya kuwatoa watoto uani wapate jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto aliyefifia manjano mwili mzima isipokuwa sehemu iliyofunikwa na kona ya shuka. Miaka miwili baadaye taa za kwanza zikaandikwa kwenye jarida la kitabibu. Kwa hiyo bibi zetu wana chembe ya ukweli. Rangi inayofanya kazi ni ile ya bluu. Inaigeuza bilirubini ya kwenye ngozi umbo, ikaweza kutoka bila kusubiri ini. Lakini jua huwezi kulipima, usiku halipo, na mtoto uliyemvua uani ama atapata baridi ama ataungua. Robo saa ya asubuhi haiwezi kushindana na damu inayovunjika saa 24. Nilimwambia hivyo. Akafikiri, akasema, "Yule tuliyemzika tulimwanika sana." Nikamshika mkono. Sikuwa na neno.

Mchana siku ya pili bilirubini ilikuwa 236. Usiku, 268. Ilikuwa bado inapanda lakini miguu imekuwa mizito, na mstari wa hatari kwa umri wake ulikuwa unapanda kwa kasi zaidi. Daktari aliamua kusubiri na taa. Asubuhi ya siku ya tatu ikashuka kwa mara ya kwanza. Siku hiyo hiyo Mtwara wakanipigia. Walikuwa wamejaribu chupa 34. Thelathini na tatu zimeshikana. Moja imenyamaza.

Jibu la jina lilirudi kutoka Dar es Salaam baada ya siku nane. Kingamwili dhidi ya c, tunayoiita c ndogo kuitofautisha na C kubwa. Nilipolisoma nikaketi, kwa sababu lilieleza kila kitu. Alama ya c ndogo iko kwa karibu Waafrika wote. Wasio nayo ni kama 2 hadi 4 katika 100. Kwa Wazungu hawana karibu mmoja katika watano, na vitabu tulivyosomea viliandikwa na watu wenye friji za namna hiyo. Mama huyu ni mmoja wa wale wachache. Kwake yeye, karibu kila chupa ya damu katika nchi hii ni ngeni. Zile chupa mbili zilizomwokoa asife kwa kutokwa damu ndizo zilizoelekea zaidi kumwachia kingamwili hizi, na sisemi hivyo kumlaumu mtu. Bila hizo, watoto wawili wakubwa wangekuwa hawana mama. Na ile O hasi? Karibu kila mtu wa O hasi ana c ndogo, tena dozi mbili. Damu ya kila mtu ilikuwa ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtoto huyu.

Kwa mama hasi tunayo sindano ya anti-D, inayouzuia mwili wake kutengeneza kingamwili dhidi ya D, iliyoanza kutumika 1968, na imewaokoa watoto wasiohesabika. Kwa c ndogo hakuna sindano. Kwa Kell hakuna. Kilichopo ni kujua mapema. Kliniki yetu hupima kundi la damu, na kwa wengi inatosha. Lakini mama aliyewahi kuongezewa damu, au aliyewahi kupata mtoto wa manjano siku ya kwanza, au aliyezika mtoto mchanga bila maelezo, huyo ninaomba kwa moyo wote atafutiwe kingamwili hata kama kadi inasema chanya. Ninaomba hivyo nikijua shida zetu, dawa ya Coombs inavyokwisha na isivyofika. Zikipatikana, mimba yake inafuatiliwa kwa karibu, anapangiwa kujifungulia palipo na taa na damu iliyokwisha kulinganishwa. Kuna nchi ambako mtoto huongezewa damu akiwa bado tumboni. Liley alianza hilo New Zealand mwaka 1963.

Nilidhani tumemaliza. Walitoka wodini siku ya tisa, mtoto ananyonya, manjano imekwisha, bibi ameibeba maabara nzima kwa dua. Daktari alisisitiza warudi kila wiki kupima damu, na nashukuru alisisitiza, kwa sababu kingamwili za mama hukaa mwilini mwa mtoto kwa wiki kadhaa, zikiendelea kuvunja polepole. Manjano haionekani tena kwa kuwa ini limeshakomaa. Kinachokuja ni weupe, na kinakuja nyumbani, kimya, mama akidhani mtoto ana usingizi mwingi. Wiki ya tatu aliingia akitokwa jasho akinyonya, viganja kama karatasi. Damu 6.4.

Chupa ya damu huishi siku 35 kwenye friji. Ile moja kati ya 34 ilikuwa bado ipo. Niliiandikia kwa kalamu nyekundu asiiguse mtu. Aliongezewa mililita 64. Mama alikaa akiitazama ikishuka tone kwa tone mpaka mwisho, kisha akaniuliza ya nani. Sheria hairuhusu, na hata mimi nilikuwa najua namba tu ya chupa.

Lakini namba ile nilitaka isipotee. Wenzangu wa Mtwara wakamtafuta mwenyewe kwa utaratibu wao, wakamwomba apite kituoni, na siku aliyopita nilikuwepo kwa kazi nyingine. Kijana wa miaka 19, alichangia damu shuleni walipotembelewa, kama wachangiaji wetu wengi. Alipoambiwa damu yake ina jambo, uso ukamshuka. "Ina ugonjwa?" Nikamwambia hapana, mdogo wangu. Inakosa alama moja ambayo karibu sote tunayo, na wewe haikudhuru kitu, ila kuna mtu alihitaji damu isiyo na alama hiyo, ikapatikana kwako.

Akakaa akilitafakari. Akauliza kama huyo mtu alipona. Nikamwambia amepona. Wakaandika simu yake na ya kaka yake, wakampima tena, wakamweleza kuwa wanaume huchangia kila baada ya miezi mitatu na kwamba wangependa kumwita siku wakimhitaji, si kila kampeni. Akahesabu miezi kwa vidole. Miezi mitatu inaangukia msimu wa korosho, akasema, atakuwa Tandahimba shambani kwa baba yake, na kule mtandao unasumbua.

"Mpigieni kaka kwanza," akasema. "Akinipata, nitashuka."